Picha ya Serau

Atieno alisimama kabla makofi hayajakwisha.

"Picha hiyo si yako," alisema kwa Kifaransa. "Aliipiga mume wangu."

Ukumbi mzima wa Flagey, jijini Brussels, ukamgeukia. Kwenye kitambaa cheupe serau alikuwa amesimama ukingoni mwa genge: mnyama wa misitu ya milimani Nepal, umbo la mbuzi, masikio kama ya punda, manyoya ya shingo meusi tii. Chini yake, jina la Armand, mtafiti mstaafu, aliyekuwa jukwaani kupokea tuzo.

Miaka sita Atieno aliingojea siku hii. Mwaka 2008 Armand alirudi Brussels kutoka Nepal peke yake, akamwambia kwamba msaidizi wake, Rodgers, mume wa Atieno, ameteleza gengeni, mto ukamchukua. Mwili haukupatikana. Kule Siaya wakwe walizika tunda la yago, yaani mvungunya, badala yake, kama ilivyo desturi ya Wajaluo mwili usipopatikana, naye Atieno akanyolewa nywele. Akarudi Matonge, mtaa wa Waafrika huko Brussels, kusuka vichwa vya watu, moyoni akisuka lake. Aliamini Armand ndiye aliyemtuma Rodgers kwenye lile genge, akamwacha afe, akabaki na kamera.

"Una ushahidi, madame?" aliuliza mama mmoja wa meza kuu.

"Tazameni sikio moja lilivyogeuka. Rodgers alipiga mluzi mdogo kabla ya kubonyeza. Tangu tulipokuwa Kisumu, wanyama wote kwenye picha zake wamegeuza sikio moja."

Armand alishuka jukwaani, uso umempauka. Alimsemesha kwa Kiswahili cha Bukavu, kule Kongo alikofundisha ujanani, ili wengine wasielewe.

"Maman Atieno, tutoke inje. Tafazali."

"Sitoki! Waambie hapa hapa nani aliipiga."

Mzee aliwageukia watu. "Ni kweli," alisema kwa Kifaransa. "Si yangu. Ni ya Rodgers."

Ukumbi ukavuma. Mkewe Armand akajifunika uso. Atieno aliuonja utamu wa kisasi, akataka zaidi.

"Mwizi! Umemwibia maiti!"

Armand alimsogelea mpaka Atieno akasikia pumzi zake.

"Hapana, maman," alinong'ona. "Hii foto Rodgers alinitumia mu janvier, mwezi ya kwanza ya mwaka huu. Ni yeye aliniomba nitie jina yangu."