Mpaka Nivuke

Ilikuwa siku ya nne bomba halitoi maji, lakini nyumbani kwa Nyamizi hakuna aliyethubutu kuguna. Kila sebule ilikuwa na kisikizi cha serikali, kifaa cha kunasa na kupima malalamiko. Manung'uniko ya wananchi yakizidi kipimo, redio hutangaza kwamba nchi jirani, ng'ambo ya mto, imetuchokoza, na daraja hufungwa siku hiyo hiyo.

Binti yake, Siwema, aliolewa ng'ambo na alikuwa na mimba ya kwanza. Mzigo wa mama ulikuwa tayari: khanga kuukuu, unga wa uji na pilipili manga.

"Hivi hawa watu..." mumewe alianza, akitikisa ndoo tupu.

"Baba Siwema! Sema alhamdulillahi, ndoo nyepesi haichoshi mkono." Nyamizi akacheka kwa nguvu, kisikizi kisikie.

Simu ikalia. Siwema alikuwa anahema. "Mama, uchungu umeanza. Na huku umeme hakuna tangu juzi, mtaa mzima unalalamika."

Nyamizi akainuka. Huko nako kulikuwa na visikizi, na mchokozi anayetangazwa kwao ni nchi ya huku. Tena kisikizi hakichagui kilio: hata cha uzazi huhesabiwa manung'uniko.

Akajitwika mzigo, akatoka mbio kuelekea darajani, simu sikioni.

"Jikaze, mwanangu. Uma khanga. Usilie mpaka nivuke."