Magando Mekundu

Bi Mwanaidi alimgeuza kaa kwenye beseni, akaona magando yamekuwa mekundu. "Huyu ana mayai, arudishwe mikokoni," akasema, akimtazama kwa fahari mkamwana wake, Raya. Ni Raya aliyeinakili ile jeni inayoamka mayai ya kaa yanapokomaa, akaiunganisha na rangi. Tangu hapo, kisiwa kizima, kaa mwenye magando mekundu haliwi.

"Mwanangu, Mungu kakupa akili! Na sisi wanawake mtatutia lini rangi hiyo kwenye kucha, watu waache kuuliza nani ana mimba?"

"Bado, mama."

Raya aliinamia mbuzi, akaendelea kukuna nazi. Alikwisha kujitia jeni hiyo mwenyewe kwa siri, mwaka sasa. Kila Alhamisi alizipaka kucha zake hina, asizione zilivyobaki nyeupe.