Sauti Kwenye Njia ya Saba

Palikuwa na mji wa fuko chini ya ardhi, na Mungu ndiye ajuaye ulipo. Kila aliyechimba njia alikwaruza mlangoni maneno ya kuwaongoza wapitaji. Njia zilipozidi, wageni wakaanza kupotea. Mzee Buku, mkuu wa mji, akamwita Kasuku atunge mwongozo.

"Kutunga kwa nini, mzee? Nitapita kila mlango niyaseme yaliyopo, kwa sauti ya aliyeyakwaruza. Siongezi, sipunguzi."

Kila asubuhi Bi Fuko, mjane, alikwenda njia ya saba, aliyoichimba marehemu mumewe, kuisikia sauti yake kinywani mwa Kasuku: "Piteni huku, ni pakavu." Lakini masika yalikuwa yameijaza njia ile maji, na humo ndimo alimozama mumewe. Kwa desturi, maneno ya marehemu hufutwa na mjane wake tu.

Siku moja wageni wawili waliitii sauti, wakazama.

"Yafute, mama," Buku akasihi.

"Nikiyafuta, nitamsikia wapi tena?"

Alilia, akasali, akayafuta. Kisha akakwaruza: "Msipite. Mchimbaji alikufa humu."

Kesho yake Kasuku alifika mlangoni, akasema kwa sauti ileile ya marehemu:

"Msipite. Nilikufa humu."

"Mbona umegeuza maneno?" Buku akauliza.

"Mimi? Nimesema nilichokikuta."

Bi Fuko akaupapasa mlango. Mikwaruzo haikuwa yake. Ilikuwa mipana, na ilikuwa ingali mibichi.

"Nimekusikia, baba watoto," akasema, akarudi nyumbani.