Mtoto Hulala Penye Mtandao

"Salma, mwanangu halali kwa watu," alifoka Mama Kabula, ameziba mlango. Jirani yake alikuwa ametumwa na kamati ya mtaa kumchukua mtoto akalale kwake, kijisanduku cha mtandao mkononi.

"Shoga, sheria unaijua. Mtoto hulala penye mtandao, asome kama wenzake. Kamati ya mtaa imekupa kijisanduku bure, wewe umekikataa."

"Kinasikiliza kila neno la nyumba yangu."

"Hata changu kinasikiliza. Nimeshazoea." Salma akashusha sauti. "Halafu hatukujileta. Kabula ndiye aliyetuita."

Mama Kabula aligeuka. Binti yake alikuwa amesimama nyuma yake, mto kwapani, viatu vya shule miguuni. Wala hakuinamisha macho.

Mama mtu alimpokonya Salma kijisanduku, akakichomeka ukutani, juu ya kitanda cha mtoto.

"Karibu, Mama Kabula," kilisema kwa upole. "Mbona unahema hivyo?"