Nati Iliyotafunwa

Katika karakana yake ndogo, Ambilikile aliwajazia upya maganda ya risasi wawindaji wa nguruwe pori, na alikuwa na sheria moja: nati inayoshikilia kalibu ya kukalisha risasi kwenye mashine hukazwa kwa spana. Plaizi huitafuna. Nati ikilegea kalibu inayumba, na risasi iliyokaa vibaya yaweza kumlipukia anayeifyatua.

Ndiyo maana Sekela, mkewe, alipokuwa akipangusa mashine asubuhi ile, alishangaa kuona nati imejaa alama za meno.

“Baba Lugano, nani kaitafuna nati yako?”

Mumewe akatazama dirishani. “Wateja hao. Wanashikashika kila kitu.”

Lakini plaizi ilikuwa pale mezani, mpini wake umeviringishiwa kitambaa ili usiteleze, na mkono wa kuume wa mumewe ulikuwa mfukoni tangu walipokunywa chai. Sekela akakikumbuka kikombe kilichovunjika juzi. Mumewe alisema kilimteleza kwa sabuni.

Sekela aliitundika plaizi ukutani, akajaribu spana moja, ikapwaya, akachagua nyingine iliyoishika nati sawasawa.

“Lete mkono,” alisema. “Nguvu ninazo, ila sijui pa kuishia.”

Mkono ulikawia kutoka, na ulipotoka ulikuwa unatetemeka. Sekela akauweka juu ya spana, akaufunika kwa wake, wakavuta pamoja. Nati ikazunguka, ikakaza, ikagoma kabisa.

“Inatosha?”

Ambilikile hakuutoa mkono wake.

“Bado kidogo,” alisema.