Mfalme Mwepesi

Nyikani mfalme alichaguliwa na wakuu watatu: Kifaru, Kiboko na Nyati. Mila ilitaka anayemtaja mfalme ambebe mgongoni mpaka mfalme mwenyewe aombe kushuka. Nyati hakutulia, siku tatu za kumbeba marehemu Simba zilikuwa bado zinamuuma.

“Safari hii namtaja Kupe,” alisema. “Ni mwepesi, tena hana makucha.”

Wenzake wakakubali upesi, kila mmoja akishukuru kwamba mgongo si wake.

Mwezi ukapita. Nyati, mbavu nje, alijikuna kwenye kila mti.

“Mtukufu, hujataka kushuka tu?”

Kupe, aliyevimba kama harage, akajibu kutoka shingoni, “Simba alishuka alipoona njaa, mzee wangu. Mimi nishukie nini?”