Gogo la Thuo

Trela zilikuwa mbili uani, na boila ya kiwanda cha mbao ilikuwa ikingoja stesheni ya Nakuru. Trela yenye sakafu ya juu ilikuwa na breki zake. Yenye sakafu ya chini haikuwa nazo, lakini ndiyo pekee iliyoweza kupitisha boila chini ya daraja la reli.

"Nipe ya chini," dereva akasema.

"Na ikikushinda mlimani, nani atatia gogo nyuma ya gurudumu?" msimamizi akauliza.

"Thuo, nani mwingine?"

Mdomo ulikuwa umetangulia akili. Thuo, utingo wake, alichukuliwa na askari Jumatatu, kwenye msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Wakikuyu kule mtaa wa Bondeni.

Msimamizi akaonyesha kwa kidole gogo lililolala kando ya trela ya chini.

Dereva akaliokota gogo. Upande mmoja ulikuwa umelainishwa na viganja vya Thuo. Akaliweka kwenye kiti cha utingo ndani ya lori, akafunga mlango polepole.